Kigong'ota wa Uani Kwangu

Jumamosi, 1 Juni
Matembezi ya kutazama ndege na kikundi. Kiangazi ndiyo kwanza kimeanza, ndege kila mahali, na mimi sikuona hata mmoja. Aibu tupu! Mtu kazi yake kukata vioo vya miwani, halafu akionyeshwa ndege kwenye tawi anaona tawi. Daktari wa Meno, kiongozi wetu wa kujitangaza, alimwona mdiria kabla mimi sijashuka kwenye basi. Akauliza mbele ya watu kama miwani yangu naikata mwenyewe. Wakacheka. Nikacheka kuwashinda, ili ionekane utani ni wetu sote.
Baadaye wakaenda kunywa chai kwa Mama Kofia, mwenzetu wa kikundi. Niliambiwa gari limejaa. Nilichungulia. Kiti cha nyuma kilikuwa na begi la darubini, limefungwa mkanda.

Jumapili, 2 Juni
Dada kapiga simu. Akauliza jana nilikula na nani. Na marafiki, nikasema. Akataka majina. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Wasiponialika, watakuja wenyewe. Nimewaandikia kwenye kundi la simu kwamba uani kwangu, kwenye ule mti mkavu, kuna kigong'ota mwenye kisogo chekundu. Haonekani ovyo, lakini hugonga kila asubuhi. Simu ililia mpaka chaji ikaisha! Mama Kofia kaandika, "Mwenzetu, ulijificha wapi siku zote?" Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa. Daktari alidai picha. Nikamjibu ndege huyu ana haya.
Wanakuja Jumamosi. Wote!

Ijumaa, 7 Juni
Nimefagia. Nimeosha hata kuta. Nilikwenda kuazima viti kwa jirani yangu seremala, akauliza nani amefariki. Nikasema nina wageni. Akanipa pole hata hivyo.
Jioni, mazoezi. Kijiko kwenye kabati: hapana, kama polisi wamekuja. Mwiko kwenye dirisha la mbao la bafuni: kigong'ota mtupu! Nikagonga tena, kwa raha. Ng'ambo ya ukuta seremala akaitikia, "Karibu, pita!"

Jumamosi, 8 Juni
Walikuja. Uani palijaa! Nikamimina chai kikombe cha kwanza, na hapo ndipo nilipoiona kasoro ya mpango. Ndege lazima agonge, na wa kugonga ni mimi.
Nikasema naenda kuchemsha maji. Nikajifungia bafuni, nikakaa juu ya ndoo, nikagonga. Nje, kimya. Kisha Mama Kofia akanong'ona, "Jamani, msikieni!" Nilifurahi hadi nikapitiliza.
Tatizo, nikinyamaza wanaanza kukusanya vitu vyao. Nikigonga wanakaa. Basi nikagonga asubuhi nzima. Walikunywa chai yangu. Mmoja alisimulia kisa cha mama mkwe wake na bata, wakacheka mpaka wakapaliwa. Mwisho wa kisa sikuusikia, nilikuwa nagonga. Mtu akauliza mwenyeji yuko wapi. Mwingine akasema yuko jikoni, mwacheni, mkarimu yule. Nikaegemeza kichwa ukutani nisikie vizuri.
Kumbe komeo la bafuni halishiki. Mlango ukafunguka. Daktari! Alikuja kujisaidia, akanikuta kwenye ndoo, mwiko mkononi.
"Umeanza saa ngapi?" akauliza.
"Tangu mlipofika."
"Mkono hauumi?"
"Unauma."
Akanawa mikono, ingawa hakuwa amefanya lolote, akatoka. Nikasubiri kicheko. Badala yake nikamsikia akiwaambia kigong'ota karuka ng'ambo ya barabara, kamwona kwa macho yake. Wakabeba mabegi yao. Wakaaga kwa sauti kupitia dirisha la jikoni, na mimi sikuwa jikoni.

Jumapili, 9 Juni
Daktari kapiga simu. Kumbe mkewe aliondoka tangu mwaka jana. Akasema kwake pia hakuna anayegonga mlango, na kila akipika anajikuta amepika cha watu wawili. Niende tukale, mimi na yeye tu.
Ati! Mjanja sana huyo. Anataka kunihoji taratibu huku natafuna, kisha akanitangaze kikundini. Nikamwambia samahani, nina wageni. Akasema haya, basi siku nyingine, ndugu yangu. Ndugu yangu! Nikakata simu kabla hajaleta hila nyingine.
Nimekula mkate mkavu, nimesimama, nikifikiri. Na wazo limekuja, tena safi kuliko lile. Fungo! Mnyama huyu hutembea usiku tu, kwa hiyo wakitaka kumwona itabidi walale hapa kwangu. Ujumbe nimeshatuma. Kilichobaki ni kujifunza kupanda juu ya bati na kutembea kwa miguu minne.