Mkono Begani mwa Pilato

Jumatatu, 23 Machi

Habari kubwa! Baada ya misa ya asubuhi Padri Anselmo ametangaza kwamba mwaka huu nafasi ya Pilato katika mchezo wa Ijumaa Kuu iko wazi. Wazi! Tangu nilipokuwa bado na nywele kichwani, Pilato wa mji huu amekuwa Don Wulfrano, mwoka mikate. Na mimi, Mwalimu Hermilo Zárate, niliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa hapa, nimekuwa nikisimama katika umati na kupiga kelele za "Asulubiwe!" pamoja na wauza kuku. Sasa Wulfrano ameshikwa na mafua, sauti imemkauka. Jumatano saa sita mchana tutasoma mbele ya Padri, yeye na mimi. Atakayesoma vizuri zaidi ndiye atakayevaa joho jekundu.

Hii ni nafasi yangu ya mwisho. Mwaka ujao magoti yangu hayatapanda tena ngazi za jukwaa. Kabla sijafa nataka kunawa mikono mbele ya mji mzima.

Tatizo ni husuda. Wulfrano ni kompadre wangu. Yeye ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizoni. Kwa hiyo hatuwezi kugombana. Tunaheshimiana, tunachekeana. Na ni katika kuchekeana ndipo jicho baya hupenya! Nimemwambia mke wangu Eufrasia kwamba lazima nijikinge. Akajibu, bila kuacha kuchambua maharagwe, kwamba nisijisumbue, kwa kuwa hakuna mtu hata mmoja katika mji huu anayenionea wivu.

Mwanamke huyu haelewi mambo ya sanaa.

Jumanne, 24 Machi

Nimejikinga. Mama yangu alikuwa akitupitishia mwilini shada la ruda, ule mmea wa harufu kali unaofukuza husuda, jikoni, taratibu, huku akisali, kisha akalitupa. Kazi ya nusunusu! Mimi nikianza jambo hulitimiza. Nimekata matawi yaliyonona kwenye chungu cha ruda ambacho Eufrasia hukiweka mlangoni, nikayaponda katika kinu chake cha jiwe mpaka utomvu wa kijani ukachuruzika. Nikajipaka. Shingo. Kifua. Mikono yote miwili. Kwenye bega la kushoto, ambako jicho baya huingilia, nikakandamiza kiganja kilicholowa, nikakiacha hapo mpaka nikamaliza Baba Yetu. Harufu ya kutoa machozi! Husuda gani itathubutu kusogea?

Kisha nikapanda juu ya paa, kifua wazi, ili dawa inikaukie. Jua la utosini. Nikafanya mazoezi mbele ya mashuka yaliyoanikwa, nikiwa nimeelekea kwenye duka la mikate ili kompadre anisikie na kukata tamaa. Alitoka nje, unga mpaka kwenye nyusi, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kompadre," akasema kwa ile sauti yake ya bawaba yenye kutu, "vaa shati. Kuku wangu wameacha kutaga."

Wivu mtupu.

Chakula cha jioni: pilipili ya kusaga ilikuwa na ladha ya ruda. Eufrasia ameuliza ni nani aliyegusa kinu chake. Nimesema sijui.

Jumatano, 25 Machi

Pilato ni mimi! Mimi!

Wulfrano alitangulia kusoma. Hata njiwa wa mnara wa kanisa hawakumsikia. Kisha nikasoma mimi, na nilipofika mahali pa kunawa mikono nilimwona Padri akifumba macho. Eufrasia anadai kwamba Padri alikuwa amesinzia. Haidhuru. Nimepewa joho.

Kompadre alikuja kunipongeza mbele za watu. Alinikumbatia, akanipigapiga bega la kushoto, akaniambia kwa kunong'ona kwamba joho litanipendeza. Nikamshukuru kwa adabu zote.

Jioni nilihisi joto begani. Nikavua shati, nikasimama mbele ya kioo. Mungu wangu! Ngozi nyekundu kama nyanya iliyochomwa! Na si popote tu. Pale pale aliponishika!

Alhamisi, 26 Machi

Malengelenge! Shingoni, kifuani, mikononi. Maji yamejaa ndani yake, yanang'aa kama zabibu. Lakini jambo la kutisha ni bega. Alama ya mkono! Kiganja kizima na vidole vyake vyote, vimevimba, vyekundu, waziwazi kama muhuri. Mkono wa Wulfrano! Nimemwonyesha Eufrasia. Safari hii hata yeye aliacha kazi aliyokuwa akifanya. Kisha akasema niende zahanati. Nikamwambia kwamba zahanati haijapata kutibu husuda.

Ni dhahiri kwamba kinga ya Jumanne ilikuwa ndogo. Nimeukata mmea wote, mpaka shina. Nimeuponda pamoja na ndimu, kwa kuwa ndimu husafisha. Nimejipaka upya kila mahali, na usoni pia, kwa maana Pilato hutazamwa usoni. Ikaniwasha vibaya sana. Nikafurahi: dawa inafanya kazi. Nimekaa uani juani kuanzia uji wa asubuhi mpaka kengele ya mchana.

Eufrasia alipita na ndoo, akanusa, akasimama.

"Ruda, ndimu na moto," akasema. "Bado chumvi tu, mzee, nikuandalie na tortila."

Mtu mwenye maumivu hajibu kejeli.

Ijumaa, 27 Machi

Nimejitazama kwenye kioo. Nilipiga ukelele hata mbwa wa jirani akaitikia. Paji la uso limevimba. Pua ina lengelenge kubwa kama yai la kware. Mistari myekundu imeteremka mashavuni, kila mahali utomvu ulipotiririka. Huyu si gavana wa Kirumi! Huyu ni mshumaa ulioyeyuka!

Eufrasia alinishika mkono akanipeleka zahanati kama mtoto. Daktari ni binti kutoka mji mkuu, aitwaye Itzel, mwenye adabu lakini mdogo mno. Alinitazama, akanusa, akauliza kama tuna ruda nyumbani. Eufrasia akajibu kwamba tulikuwa nayo.

Akanieleza kwamba utomvu wa ruda ukikaa kwenye ngozi kisha jua likaupiga, ngozi huungua. Na ndimu nayo ni vivyo hivyo. Uvimbe hautokei papo hapo. Hujitokeza kesho yake. Nikamwambia kwamba marehemu mama yangu alitumia ruda maisha yake yote. Akauliza kama mama aliiponda na kutuanika juani. Nikakiri kwamba hapana. Basi, akasema. Nikamwuliza: na huu mkono je? Nikamweleza habari za kompadre na kumbatio lake. Akataka kujua kama siku ile nilikuwa nimevaa shati. Nikasema bila shaka, nilikuwa mbele ya kanisa. Basi, akasema tena. Sijui kwa nini vijana wa siku hizi wanafikiri kwamba neno hilo ni jibu.

"Mwalimu," akasema, "hebu weka mkono wako wa kulia juu ya hiyo alama."

Nikauweka. Ukaenea! Kidole kwa kidole, mpaka kile kidole kidogo kilichopinda tangu nilipoangukiwa na ubao wa darasa. Eufrasia alitoka nje upesi. Nilimsikia akicheka na wagonjwa waliokuwa wakingoja.

Nimepigwa na butwaa. Miaka yote hii sikujua kwamba mkono wa Wulfrano unalingana na wangu.

Dawa ya kupaka. Shati la mikono mirefu. Jua nilikimbie. Ruda nisiiguse. Nimesema ndiyo kwa yote, ili twende nyumbani.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Nilikwenda misani nikiwa nimejifunika kilemba cha shali. Katika kubariki matawi shali ikaanguka. Watoto wawili wakalia. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba, na si kwa ajili ya matawi.

Padri aliniita sakristiani. Alizungukazunguka, akasifu usomaji wangu, akasifu hali ya hewa. Mwishowe akasema kwamba Pilato anapaswa kuwaogopesha watu kwa mamlaka yake. Nikaelewa. Joho linarudi kwa Wulfrano. Badala yake kuna nafasi nyingine, ambayo kila mwaka hukosa mtu: mkoma anayeponywa na Yesu mwanzoni mwa mchezo. Ana sentensi moja: "Bwana, unihurumie." Mimi! Sentensi moja!

Alasiri Wulfrano alikuja na kikapu cha mikate mitamu. Akaketi jikoni. Akavua kofia. Kisha akaanza kuzungumza, na kikombe kikaniponyoka mkononi: sauti yake ilikuwa nzima! Nene, safi, ile ile ya miaka yote!

"Sikuwa na mafua, kompadre," akasema. "Kila mwaka nikiwa jukwaani nakuona huko chini kwenye umati, midomo yako inatamka maneno yangu. Nikaona mwaka huu uyatamke kwa sauti."

Akaongeza kwamba amemwomba Padri aniachie joho hata hivi nilivyo, na Padri amekataa. Eufrasia alijifuta macho kwa pindo la aproni. Nilimkatia mkate, nikampa kipande kikubwa.

Baada ya kuondoka kwake nimetafakari. Mtu anayeweza kumdanganya padri ndani ya Kwaresima, atashindwa kutia jicho baya? Tena: kama alijifanya mgonjwa, basi nilishindana na mtu aliyejizuia. Hata hivyo nilishinda kwa haki. Hilo halina mjadala.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Sijapata kuona jambo kama hili!

Nilitoka nyuma ya kisima nikiwa nimevaa gunia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ngozi inabanduka, mistari imekuwa kahawia iliyoiva. Watu wa safu ya mbele walirudi nyuma na viti vyao. Kijana anayeigiza Yesu alininyoshea mkono, akausimamisha hewani, ilinibidi nimnong'oneze, "Nishike, kijana, haiambukizi." Akanishika kwa ncha ya kidole. Nikasema sentensi yangu. Kwa kuwa watu walikuwa wametulia sana, nikaongeza machache kuhusu maisha ya mkoma, utoto wake, na jinsi jamii inavyowasahau wazee wenye vipaji. Padri alikohoa mara nyingi. Wanawake walilia! Mama mmoja aliyetoka mji wa jirani alizimia, akapepewa kwa kofia.

Saa nzima baadaye Pilato akanawa mikono. Vizuri. Kwa sauti nene. Lakini watu walikuwa bado wananitazama mimi.

Mchezo ulipokwisha, Wulfrano alinijia akiwa bado na joho. Hakunigusa bega, alinishika mkono. "Umenifunika, kompadre," akasema. "Mwaka ujao nipe mimi gunia."

Nikacheka. Kisha nikaganda. Gunia? Analitaka gunia langu?

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Mambo mawili ya kutisha.

La kwanza: jana nilimwuliza Daktari Itzel alama hizi zitadumu muda gani. Akanifariji, alivyodhani yeye, kwamba zitafifia zenyewe katika miezi michache. Zitafifia! Na mwaka ujao je?

La pili: mji mzima unazungumza habari zangu. Asubuhi hii mwuza maziwa ameniita Mkoma Wetu. Wachinjaji wamenipungia mikono. Leo saa sita kuna maandamano ya Pasaka, na Padri ametaka nitembee mbele, nikiwa nimepona, niwe ushuhuda. Macho yote juu yangu! Kama husuda iliniunguza hivi wakati nilipokuwa sijafanya lolote, leo itanifanya nini?

Chungu cha mlangoni Eufrasia amekipanda vitunguu. Kinu amekifungia kabatini. Lakini nilipokwenda kununua mkate nilichuma matawi mawili makubwa kwenye chungu cha mlango wa Wulfrano. Ruda ya kuibiwa ina nguvu maradufu. Hilo kila mtu analijua. Nimeyaponda kwa jiwe la uani. Bega la kushoto, kiganja kizima. Shingo. Kifua. Usoni kidogo tu, kwa tahadhari.

Maana mimi si mtu wa kudharau ushauri. Daktari alisema jua nilikimbie na nivae mikono mirefu, nami nitamtii neno kwa neno. Kwa bahati mbaya Eufrasia ameyafua mashati yangu yote kwa ajili ya sikukuu, na bado yanatiririka maji. Basi nimepanda juu ya paa, kifua wazi, nimekaa karibu na kamba, nikilingojea lile jeupe likauke. Halitachelewa. Jua la leo, Mungu ashukuriwe, ni kali sana.