Malalamiko Kuhusu Meno ya Jubal Thackett

Ndugu Mwenyekiti Lyle Stamper,
Chama cha Kuhifadhi Historia,
Sorrel Fork, Kentucky.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukiihifadhi historia yetu kama panya anavyohifadhi mahindi ya watu.

Utotoni sikuwa na shujaa ila Jubal Thackett, mwindaji aliyetangulia kujenga bondeni kwetu. Kofia yangu ya manyoya niliivaa mpaka kanisani. Tulipocheza vita vya msituni, wavulana waliponiambia, "We msichana, kazi yako kutekwa tu!" niliwatwanga. Kwa hiyo Jumamosi nilimleta mjukuu wangu Tamsin kwenye mchezo wenu wa kuigiza wa kiangazi, ule wa maisha ya Jubal, kwa mapenzi matupu. Nimerudi na haya:

1. Jubal wenu ana meno meupe na buti zinazong'aa. Bibi yangu alisimuliwa kwamba mtu yule alinuka hata mbwa wake akahamia ng'ambo ya mto.

2. Washawnee wenu, wenyeji wa bonde kabla yetu, ni makarani wa benki waliopakwa rangi, wanapiga kelele na kufa. Waliompa Jubal mahindi alipokuwa anakufa njaa msituni walikuwa nani? Malaika?

3. Mkewe, Keziah, anazimia mara tatu. Keziah! Aliyelinda boma kipupwe kizima huku shujaa amepotea msituni akitafuta njia ya kurudi kwake! Hapo ndipo niliposimama nikasema, "Uongo huo!" Nawe ukanijibu kwa kipaza sauti, "Bi Orpha, kaa chini, unawaharibia watoto utamu." Watu wakaangua kicheko. Tamsin akaniuliza, "Bibi, kwani Keziah alikuwa mgonjwa?" Swali hilo limenichoma kuliko kicheko chenu.

4. Dubu anayeuawa na Jubal jukwaani. Yule wa kweli alikuwa mdogo, kikongwe, wala hakuuawa kwa kisu. Aliangukiwa na mti. Ninyi mmemfanya mkubwa kama ghala.

Basi naomba, kwa heshima zote, mchezo ufungwe, makarani warudi benki, nawe uzimie mbele ya hadhara mara tatu, uone raha yake.

Nisalimie mkeo Bernadine, mama yako, na makarani wote, hasa wale waliokufa vizuri.

Ni mimi niliyeketishwa,
Orpha Dillard

N.B. Bernadine amenipigia simu sasa hivi. Anayeigiza dubu ameteguka mguu, na hakuna mwingine anayejua kunguruma. Nakuja. Mambo ya mti tuyaache. Nitapigana na Jubal ana kwa ana, na kufa siahidi. Ile ngozi ya dubu iongezeni mabega, ni ndogo mno. Tamsin mkalisheni mstari wa mbele kabisa. Nataka apige yowe.