Kongowe Ni Moja Tu

Jumamosi, 26 Julai

Leo Latifu wa Kisarawe kwisha habari yake! Miaka mitatu wachezaji wote wa kusaka masanduku hapa Pwani wanalisifu sanduku lake la msituni. Sanduku gani? Kopo la maziwa chini ya mzizi. Watu wanalitafuta kwa ramani ya simu, wanasaini daftari lililomo, wanaondoka. Hata mbuzi angelipata.

Langu ni chuma kitupu, limechomelewa kwenye nguzo nyuma ya kiwanja cha shangazi, Kongowe. Kufuli la namba tatu. Na namba zenyewe zipo nyuma ya vibati vitatu tu, nimeviita Wasafiri. Mmoja nimemwacha Visiga, mmoja Kisarawe mjini, mmoja Maneromango. Mchezaji akimwokota anamsogeza mbele na kuandika mtandaoni alipomfikisha, mpaka wote watatu wafike kwenye kopo lililo chini ya sanduku langu. Hapo ndipo litafunguka. Kila mmoja nimemchonga: NIPELEKE KONGOWE. Namba sikuzikariri, makusudi. Siri ya kweli ni ile ambayo hata mwenyewe huijui.

Nimetangaza kwenye kundi la wachezaji. Latifu akauliza, Kongowe ipi, kaka? Wivu! Sikumjibu.

Jumatatu, 28 Julai

Mke wangu Zena anatafuta daftari lake la vipimo. Mabinti kumi na mmoja wa Maneromango, anaowashonea sare za harusi ya mwenzao Naila, Jumapili ya tarehe kumi. Kapindua nyumba nzima. Nikamsaidia kutafuta chini ya kitanda. Ni lile daftari jekundu nililolikuta juu ya cherehani, nikalifungia ndani ya sanduku ili watu wasaini! Nililifungua kwa nyuma, kurasa zikawa nyeupe. Sasa mtu mzima anaacha daftari bila jina kwenye jalada, lawama ni ya nani? Nikamwambia labda panya.

Alhamisi, 31 Julai

Msafiri wa Visiga kafika: nne. Wa Kisarawe kafika: saba. Nilishangilia hadi kuku wakatawanyika.

Saa kumi jioni, Mwalimu Ashura, mchezaji mwenzetu, kaandika kwamba Msafiri wa Maneromango amemfikisha salama Kongowe. Picha ikaja. Ile si Kongowe! Yaani ni Kongowe, lakini ya Dar es Salaam, huko Mbagala! Nikampigia. Kasema kibati kimeandikwa Kongowe, naye kapeleka Kongowe, tena kwa nauli yake. Namba hakuitazama, kwa kuheshimu mchezo. Heshima hiyo nani aliiomba? Mwalimu mzima! Mtu wa Kibaha akisema Kongowe, Kongowe ni moja tu!

Latifu katuma kikatuni kinachocheka. Kimoja tu. Hicho kimoja ndicho kilichoniuma.

Jumapili, 3 Agosti

Mtu nisiyemjua kamchukua Msafiri wangu. Sasa yuko Kilwa! Kilwa!

Nimekiri kwa Zena. Nilianzia mbali, kwenye hali ya hewa. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema nikalikate sanduku. Nikamweleza kwamba fundi Kondo aliyelichomelea kaniapia chuma kile hakikatiki, na nikikikata Latifu atanicheka hadi siku ya kiyama. Akasema basi niende Maneromango nikawapime mabinti upya, kaka zao wakiniangalia. Siendi! Barabara ile inahamisha figo.

Akauliza zimekosekana namba ngapi. Nikamwambia moja, lakini moja isiyojulikana ni sawa na zote. Akanitazama sana. Hesabu hazimwingii huyu mwanamke.

Jumanne, 5 Agosti

NIMESALITIWA! Zena kaenda Kongowe peke yake na kulifungua. Katia nne, katia saba, ile ya tatu akawa anazungusha tu. Sifuri, moja, mbili, mpaka nane, kufuli likaachia. Anasema hakumaliza hata karanga zake. Huo si uchezaji, huo ni uhuni!

Kachukua daftari lake, kaacha kipande cha karatasi, kasaini: Zena, wa kwanza kufungua. Picha kaituma kwenye kundi kwa simu yangu! Wakamsifu watu kumi na sita kabla ya magharibi. Latifu kaandika, hongera shemeji, kichwa unacho. Shemeji! Tangu lini mimi na yeye ndugu? Kutwa nzima cherehani linaunguruma chumba cha pili na mimi nimefura kwa hasira. Chakula sikula. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wako kwenye maonyesho ya wakulima, mimi niko kazini. Kosa nimeligundua. Namba tatu ni chache! Nimenunua kufuli la namba nne. Wasafiri wanne. Daftari la kusaini nalo nimelipata mezani, la kijani, jeupe kabisa kwa nyuma.

Na Kongowe sirudi, watu hawaijui. Safari hii nimechagua mahali ambapo kila mtu nchini anapafahamu. Nimeshachonga vibati vyote: NIPELEKE MBEZI.

Zena kakisoma kimoja, akauliza Mbezi ipi. Sikumjibu. Latifu keshamharibu.