Konokono Mwenye Miwani ya Tak

Jumatatu, 4 Machi
Wamempa Tak Yun-hui uongozi wa timu. Tak! Niliyemfundisha mimi kuchonga penseli! Miaka kumi na moja nawachorea Wamarekani katuni zao hapa Seoul, na kiti cha dirishani, kiti cha kiongozi, anakalia mtu niliyemzidi miaka sita. Sasa mimi ndiye wa kumwinamia asubuhi. Nimeinama kidogo tu, kama anayetafuta kitu sakafuni. Nakitaka kile kiti. Nitakipata.

Jumatano, 6 Machi
Kazi ya msimu huu: chombo cha angani kinachobeba kinyesi cha sayari tajiri kwenda kukimwaga kwenye sayari maskini. Katuni ya watu wazima. Vichekesho vyake sivielewi, nachora midomo tu. Leo kulikuwa na umati wa viumbe bandarini. Nimemwongeza mmoja: konokono mwenye macho matatu, miwani ya Tak, chunjua la Tak kidevuni, na kikombe cha chai ya shayiri asichokiachia, kama Tak. Ofisi nzima itamcheka. Mtu anayechekwa hawezi kuongoza timu.

Ijumaa, 15 Machi
Hakuna aliyecheka. Barua imetoka Amerika: konokono huyu ni nani, na nani kamchora? Mkurugenzi Maeng katupanga mstari, shingo nyekundu. Kuongeza kitu wasichokiagiza ni kufukuzwa. Kisha akili ikanijia. Nikamfuata ofisini, nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba ni Tak. Nikaapa nilimwona kwa macho yangu. Hata msamaha nikamwombea.

Tak akaitwa. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akamwambia Maeng, "Ni wangu. Timu ni yangu."

Mjinga huyu! Jibu la Amerika likija atafukuzwa. Nimeshakijaribu kiti cha dirishani alipokwenda chooni. Kinanitosha.

Jumanne, 19 Machi
Barua ya pili. Wamarekani wamempenda konokono. Msimu ujao atakuwa nahodha wa chombo. Wanamtaka aliyembuni aende kwao, na jina lake liandikwe mwanzoni, si kule mwisho tunakowekwa sisi kwa herufi za sisimizi. Nikamkimbilia Maeng kumweleza ukweli. Akaniuliza kama naumwa. Akanikumbusha kiapo changu.

Ijumaa, 22 Machi
Chakula cha mchana cha kumuaga Tak. Nguruwe wa kuchoma. Tak akanimiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa wake, akaniambia taratibu, "Kaka Pyo, nimeomba konokono uachiwe wewe. Hakuna anayelijua chunjua langu kama wewe."

Nimeona aibu mpaka masikioni. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi wa nyama. Kiti cha dirishani kapewa Bibi Seo wa kitengo cha rangi.

Jumatatu, 25 Machi
Nimetubu. Hila basi. Asubuhi nzima nimechora konokono bila kunung'unika. Mchana nikaona nafasi kwenye umati, nyuma kabisa. Nikachora kupe mwenye upara na tai ya Mkurugenzi Maeng. Safari hii sirudii kosa: nimetia saini yangu, kubwa, tumboni mwake.