Matanga ya Bwana Kamba

Jumatatu, 5 Mei

Mvua usiku kucha. Ukuta umepoteza kidevu.

Nieleze, maana daftari hili ni jipya. La zamani limeliwa na mchwa, kuanzia ukurasa nilioandika ukweli. Ukuta ni wa banda letu la gemu hapa Bagamoyo, nyuma ya soko. Amechorwa Bwana Kamba: kanzu fupi, kamba begani, shujaa anayepanda minara kuwatoa watu waliofungwa na Jitu la Chumvi. Jina lake la kwao halitamkiki. Huku ni Bwana Kamba tangu mwaka tisini na tisa. Alimchora marehemu kaka yangu Hija, na kwa kuwa hakuwa na mfano mwingine ila kioo chake cha kunyolea ndevu, shujaa akatoka na sura ya Hija. Pua ileile. Sikio la kushoto limechomoza vilevile. Kila asubuhi nikifungua mlango naupa ukuta shikamoo. Hauitikii. Hija naye alikuwa mzito wa kuitikia.

Leo Ummy, binti wa Hija, mwenye nusu ya banda kwa urithi na lote kwa kelele, kanisomea habari kwenye simu. Wenye gemu huko ng'ambo wanatengeneza la nane na wanawauliza wachezaji: Bwana Kamba aendelee kuwa mwanamume, au sasa awe mwanamke? Nikacheka. Ummy hakucheka. Kasema dunia itaamua yake, lakini ukuta ni wetu na masika inaumaliza, lazima upakwe upya. Basi Bagamoyo nayo ipige kura. Makopo mawili ya rangi, moja la Bwana, moja la Bibi. Aliyewahi kushika pedi ya kuchezea hapa, hata mara moja, anapewa kizibo kimoja cha soda akitumbukize anapotaka. Mwisho Jumapili adhuhuri. Atachorwa atakayeshinda.

Nikakubali. Nilikubali kabla sijafikiri kwamba kushindwa ni kufutwa kwa lile sikio.

Sikumwambia hilo. Nimemwambia mwanamke hapandi mnara na kanzu.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: wazee. Wazee hawapendi kubadilishiwa vitu.

Nikaenda dukani kwa Mzee Rajabali. Ndipo yote yalipoanzia. Televisheni ilikuwa mwisho wa duka, katikati ya majora ya vitambaa, na zamu ya kucheza ilipimwa kwa udi. Mzee akiwasha kijiti, unacheza. Kikiisha kuteketea, toa pedi. Wajanja tulijifunza kuziba mlango ili upepo usikichape. Mpaka leo nikisikia harufu ya udi harusini, vidole gumba vinacheza vyenyewe.

Nikamwamkia, tukakumbushana. Nikamkumbusha hasa ule mchana nilipokuwa mtu wa kwanza Bagamoyo kumaliza gemu. Mzee akavua miwani. Kasema anaukumbuka vizuri. Kasema Jitu la Chumvi lilipotokea niliitupa pedi nikajificha nyuma ya khanga, na aliyemaliza ni Hija, udi ukiwa umebaki kiasi cha ukucha.

Nikamwambia umri hauna huruma na kumbukumbu. Akakubali, huku ananitazama.

Kura hana. Hajawahi kushika pedi, kashika udi tu.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili ni wa kitaalamu. Nikapanda basi mpaka Chalinze. Pale malori yote yanasimama, madereva wanakunywa soda kama wanazimia moto. Vizibo vimetapakaa kama kokoto.

Nimeviokota nusu siku, gunia dogo zima. Mikdad, niliyecheza naye utotoni, siku hizi anaziba matairi pale njia panda. Akaja kunisaidia bila kuuliza, maana ndivyo alivyo. Tulikaa juu ya tairi tukataja minara yote kwa mpangilio: wa Nyuki, wa Saa, wa Mlango Usio na Kitasa. Akakumbuka Hija alivyokuwa akikuna kisogo kabla ya kuruka. Lori likapiga honi, tukarudi kuokota.

Nikamuuliza yeye angempigia nani. Kasema Bibi. Kasema miaka ishirini na sita amemwona mwanamume yuleyule akianguka kutoka dirisha lilelile, ajaribu mtu mwingine.

Nimerudi na gunia. Ummy alipotoka kununua sukari nikafungua kopo la Bwana. Vizibo vilivyomo vyote vina tone la rangi ya buluu kwa ndani. Amevipaka kimoja kimoja! Mtoto kalelewa na mimi, hajui kuamini watu.

Vizibo mia tatu vya Chalinze viko chini ya kitanda. Vinanuka nanasi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetikisa makopo. La Bibi linalia kama manyanga. La Bwana linalia kama mtu anayetafuta funguo.

Saa nne asubuhi, nikiosha kikombe, likanijia. Mtu akiwa hai hathaminiwi. Akifa, hata aliyekuwa akimdai anamsifu. Basi Bwana Kamba afe! Nitamwekea matanga Jumamosi, mbele ya ukuta: mikeka, chai, maandazi, hotuba yangu. Nani ataondoka kwenye matanga akampigie kura mrithi?

Mwalimu Mwinjuma wa madrasa kapata habari kabla maji hayajachemka. Kaja kwa upole wake ule wa kutisha. Kasema hapatasomwa khitma wala dua kwa kitu kisichowahi kuvuta pumzi, na mimi nimche Mungu. Nikamwambia sina nia hiyo, ni chai tu. Akauliza maandazi ni ya iliki? Nikasema ya iliki. Kasema basi atapita, kusimamia.

Ummy kaniangalia nikikunja hotuba. Kauliza kwa nini najitesa hivi kwa ajili ya katuni. Nikasema mila.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Walikuja! Mikeka ilijaa. Mzee Rajabali akaletewa kiti. Nikasimama, mgongo ukutani, nikazungumza. Nilizungumzia udi, minara, na mtu mmoja aliyekuwa akikuna kisogo kabla ya kuruka. Hilo la kisogo halikuwamo kwenye hotuba. Akina mama wawili wakajifuta macho. Mtu akainuka, akatumbukiza kizibo kwenye kopo la Bwana. Akafuata mwingine. Nilisikia mlio ule nikajua nimeshinda.

Kumbe nimesahau jambo ambalo hata mtoto wa Kikwere halisahau. Ukiweka matanga, umewaita watani.

Sophia. Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wakwere, mama lishe wa kona, ambaye nimekula wali wake miaka kumi na kumtania kila siku. Hakualikwa. Mtani haalikwi. Akatokea nyuma ya banda amevaa kanzu iliyofupishwa kwa pini, kamba ya kuanikia nguo begani, na sikio la kushoto amelivuta mbele kwa kibanio cha nguo. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu. Lakini hakumwigiza yule wa kwenye televisheni. Alimwigiza Hija. Hatua tatu, simama, tazama juu. Akakuna kisogo.

Watu walipiga kelele ambayo haijasikika pale tangu Hija alipokuwa hai.

Akapanda juu ya meza yangu ya hotuba, akatuangalia wote.

“Mnamlilia nani nyie? Mimi nimekufa lini?” Kisha akaninyooshea kidole. “Na wewe Maulidi, toka huko nyuma ya khanga, Jitu nimeshaliua.”

Mzee Rajabali alicheka mpaka miwani ikaingia kwenye chai. Nimejua nani kamwambia Sophia. Mwalimu Mwinjuma alijifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mimi nimesimama. Ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani unalipa faini, na watu wanacheka tena.

Bibi mmoja wa jirani akasema kwa sauti, “Hija mtupu!” Akaenda moja kwa moja kwenye kopo la Bibi. Foleni ikamfuata. Sophia akashuka mezani, akala andazi langu.

Jumapili, 11 Mei

Adhuhuri. Ummy kahesabu mbele ya mashahidi. Bwana thelathini na moja. Bibi themanini na nane.

Kura yangu nimeikuta mfukoni. Nilisahau kupiga.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna mvua, bahati mbaya.

Ummy kaanza kazi mapema. Nimekaa kwenye benchi, nimeupa ukuta kisogo. Nilisikia brashi ya waya ikikwangua. Halafu kimya. Halafu brashi ya rangi. Nikajiambia sitageuka. Nikadumu kama robo saa.

Nilipogeuka nikakiona kwanza kioo. Kile cha kunyolea, chenye ufa pembeni. Kumbe alikuwa nacho siku zote. Amekitundika kwenye msumari mbele ya uso wake, anajitazama, anachora, anajitazama. Na uso ulioanza kutokea ukutani una pua ile. Nimeishi na msichana huyu miaka ishirini na nne, nikamwona kwa kelele zake tu, sijawahi kumtazama pua.

Nikamuuliza kama ataliacha sikio.

Hakugeuka. “Baba mdogo, nilipokuwa mdogo Baba alikuwa ananipakata, ananipa pedi, anasema, haya Bi Kamba, panda. Hilo sikio ni langu. Nikilikosea uniambie.”

Akasogeza nywele. Kweli, la kushoto. Limechomoza.

Nikamwambia lisogeze juu kidogo. Akalisogeza. Nikasema sasa limezidi. Tukashinda hivyo mpaka alasiri, naye hakunifukuza.

Jumatano, 14 Mei

Rangi imekauka. Bi Kamba kasimama pale, kanzu fupi, kamba begani, kidevu kizima. Wapita njia wanasimama. Wanasema Hija. Wengine wanasema Ummy. Hakuna aliyesema wamekosea.

Asubuhi nilifungua mlango, na kwa mazoea mdomo ukatangulia.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” ikajibu sauti nyuma yangu.

Ummy, na ndoo ya maji. Binti wa kaka yangu kaitikia shikamoo yangu bila hata kupepesa jicho! Sophia alikuwa anapita na sinia. Sasa soko zima linajua nani anamwamkia nani.

Sikumkemea. Miaka minne tangu Hija afe nimeusalimia ukuta ule, leo ndiyo mara ya kwanza kupata jibu.

Ijumaa, 16 Mei

Habari kutoka ng'ambo. Wenye gemu wamehesabu kura za dunia, wakashindwa kuamua. Gemu la nane kila mchezaji atachagua mwenyewe, Bwana au Bibi. Wiki nzima! Chai, maandazi, heshima yangu, vyote nimevimaliza kwa swali lisilohitaji jibu.

Nimetulia. Nimejifunza. Mtu mzima hashindani na mambo ya nyakati, hashindani na watoto, na kamwe haweki matanga ya kitu kisichokufa. Nimeandika hivi kwa wino ili mchwa wakila wapate faida.

Jioni Ummy kanisomea chini ya habari ileile, kwa maandishi madogo: wanafikiria kulibadilisha Jitu la Chumvi nalo. Eti litakuwa rafiki.

Rafiki! Jitu lililonikimbiza mpaka nyuma ya khanga mwaka elfu mbili! Kuna vitu lazima vibaki vilivyo.

Vizibo mia tatu viko chini ya kitanda. Rangi ya buluu ya kutilia alama imebaki nusu kopo, na Ummy kesho anakwenda Lugoba kwa shangazi yake. Kura na matanga ya Jitu yatakuwa Jumamosi ijayo. Safari hii Sophia nitamwalika mapema, nimpe kazi ya maandazi, awe jikoni na asipate nafasi ya kutoka.