Mfipa Aliyekwenda Kuomba Uraia

Jamaa zangu, leo nimejianika, tena mbele ya serikali. Barua hii msomeeni hata Yakobo asiyejua kusoma, lakini fungeni mlango kwanza.

Mnajua niliitwa Mpanda mjini kuhojiwa kuhusu ile habari ya uraia. Wiki nzima dada yangu Velonika alikuwa ananihoji huku anapukuchua mahindi. "Nyeusi kwenye bendera?" Watu. "Kijani?" Ardhi na mimea. Mikoa naitaja yote bila kupumua. (Mimi niliyeacha shule darasa la nne! Mwalimu wangu angelia.)

Asubuhi nikapanda baiskeli. Kibali cha mkimbizi kutoka makazini kiko mfukoni, kina mhuri, kina sahihi. Mara ya kwanza maishani nasafiri kihalali, na bado roho haikutulia. Kila aliyenitazama niliona ananichunguza. Yule mama wa karanga ananikodolea nini? Na yule mbuzi?

Nilipofika Ilembo, pale mjini, nikaingia mgahawani ninywe chai, nifute vumbi. Mzee mmoja akaja na maandazi yake, akakaa meza yangu. Meza tatu ziko tupu, yeye anataka yangu! Nikaangalia chini. Viatu vinang'aa. Kiangazi hiki, barabara hii, mtu anapata wapi viatu vya kung'aa? Nikajua tu: huyu kazi yake ni kukamata wasio na kibali.

"Kijana, umetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Sumbawanga, mzee." (Ulimi ulitangulia. Kibali kiko mfukoni, jamani!)

"Ndiyo kwenu hasa?"

"Hasa. Mimi Mfipa. Baba Mfipa, babu Mfipa."

Uso wake ukachanua. Akanimwagia Kifipa debe zima. Sikuambulia hata neno moja. Nikakohoa.

"Samahani mzee, nimekulia Tabora kwa wajomba."

"Aa. Wajomba Wanyamwezi?"

"Nusu."

(Nusu!)

"Na unaitwa nani?"

"Pius."

Akatabasamu, akarudi kwenye maandazi yake. Tabasamu lile sikulipenda. Nikaacha chai nusu kikombe, nikapita vichochoroni na baiskeli, kila baada ya nyumba mbili nageuka nyuma. Hakuna mtu. Nikajipongeza jinsi nilivyomponyoka!

Ofisini nikakaa kwenye benchi. Nikaitwa kwa jina langu halisi, Eliya. Nikaingia nimeinamisha kichwa kwa heshima, kwa hiyo nilianza kuona viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Pius. Wajomba hawajambo?"

Akafungua faili langu taratibu. "Hapa umeandika umezaliwa Burundi, ukaja huku mgongoni kwa mama. Kwenye chai ulikuwa Mfipa tangu babu. Sasa Mtanzania kama wewe anakuja kwangu kuomba uraia wa wapi?"

"Nyeusi ni watu!" nikasema. "Kijani ni ardhi na mimea!"

"Sijakuuliza bendera."

"Bluu ni maji!"

"Eliya. Tulia."

Nikamtolea kibali kwa mikono miwili. Akakisoma mbele, akakigeuza nyuma. "Mbona kiko sawa kabisa? Ulidanganya kwa nini?"

Nikatafuta jibu la Velonika. Kwenye maswali yake yote, hilo halikuwemo. "Nimezoea, mzee," nikasema. "Tangu utotoni. Mtu akiniuliza njiani, mimi natoka Sumbawanga."

Akaandika mistari mitatu, ameikinga kwa mkono kama mtoto anayezuia mwenzake asimwibie jibu. (Kaandika nini? Na mistari mitatu ya nini? Jina langu halifiki hata nusu mstari.) Kisha akafunga faili.

"Sijakukatalia. Rudi mwezi ujao na mtu mmoja wa huko makazini, anayekujua kwa jina moja tu. Mtu mkweli. Nitaanza kwa kumuuliza yeye anatoka wapi."

Basi njia yote ya kurudi nimewapitia nyie kichwani, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nakumbuka kizuizi cha barabarani tulipowahi kuwa Wafipa pamoja. Kwa hiyo msinicheke, maana uraia wangu umekwama kwenu. Amebaki Yakobo peke yake. Huyo hajawahi kuwa Mfipa hata siku moja.

Akiulizwa njiani, yeye huwa Mpimbwe.