Chembe Zisizoonekana na Uzi Mwekundu

Ifahamike kwa wote, walio karibu na walio mbali, wenye shahada na wasio nazo, ya kwamba maelezo yafuatayo yanahusu sayansi ya juu kabisa: namna chembe ndogo ajabu zinavyoweza kubeba viini vya mimea hadi ndani ya uvimbe wa saratani, ili dawa za hospitali zipate msaidizi. Wasomaji wanaombwa kukaa wima.

Yanahusu pia chupa mia mbili za maji ya bomba. Mnaweza kulegea.

Mhusika mkuu ni mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Sabuni, kwa sababu mbili. Alikuwa anateleza, na kila aliyepita mikononi mwake alitoka msafi, hasa mifukoni. Aliwahi kuuza bima ya miwani kwa watu wasiovaa miwani, na waliporudi kulalamika, akawauzia miwani.

Asubuhi moja alimsindikiza shangazi yake hospitali. Shangazi huyo, fundi wa sare za shule, ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa na saratani ya titi, na kila baada ya wiki tatu aliketishwa kwenye kiti kirefu akatundikiwa dripu, ile ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo. Siku hiyo ilikuwa ya nne kati ya sita. Sabuni alimfikisha mlangoni, akasema, "Shangazi, mimi nipo hapa hapa," kisha akaenda kutafuta mahali penye feni.

Feni ilikuwa ukumbini. Chini yake alisimama mtafiti, dada mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso, akizungumza na wagonjwa.

"Chukueni manjano," alikuwa akisema. "Maabarani tumeona kiini chake kinaweza kuisaidia dawa ya kemo. Shida ni kwamba ukikila, mwili unakiharibu kabla hakijafika popote. Kwa hiyo tunakifungia ndani ya chembe za nano. Ukiupasua unywele mmoja vipande maelfu, ndiyo unakaribia udogo wake. Hazionekani kwa macho. Na tumejaribu kwa panya tu. Narudia, wapendwa wangu: panya. Asiache mtu kemo, na asinywe mtu kitu bila kumwambia daktari."

Sabuni alisikiliza vizuri sana mpaka kwenye "hazionekani kwa macho." Hapo masikio yake yakafunga duka.

Maisha yake yote alisumbuliwa na jambo moja tu: wateja kutaka kuona bidhaa. Leo msomi mzima, mbele ya mashahidi, ametangaza kwamba ipo bidhaa ambayo maumbile yenyewe yanamkataza mteja kuiona. Sabuni alitaka kupiga magoti. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, akaahirisha.

Ndani ya siku tatu alikuwa amepanga chumba juu ya kibanda cha fundi viatu. Koti jeupe alilipata kwa muuza nyama aliyestaafu, na doa la pembeni akalieleza kuwa ajali ya maabara. Maji aliyachota bombani, akatia manjano kijiko cha chai kwa kila ndoo, akakoroga. Lebo alizibandika kwa gundi ya unga. Na kwa kuwa bidhaa bila heshima haiuziki, kila shingo ya chupa aliifunga uzi mwekundu, ambao aliuchukua kwenye rafu ya cherehani ya shangazi bila kusumbua mtu kwa maswali. Chini ya lebo aliandika kwa herufi kubwa: CHEMBE HAZIONEKANI. UKIZIONA, PESA YAKO INARUDI.

Alijiona mwadilifu mno alipomaliza mstari huo.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Tajiri wa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye hakuwahi kuumwa hata kichwa ila alipenda sana kuwauzia wanaoumwa. Akainua chupa kwenye mwanga.

"Daktari, mbona sioni kitu?"

"Huoni kabisa?"

"Kabisa."

"Hongera. Umeshika halisi."

Tajiri akasogeza kiti. "Na nikiongeza maji kidogo, moja nikaifanya mbili?"

"Mzee wangu, kwani unadhani mimi nimefanya nini?"

Tajiri alicheka mpaka akapangusa machozi, akampiga Sabuni begani, akachukua katoni sita.

Hapa inanibidi nimtaje, kwa masikitiko, mtu mwingine. Wajinga wana daraja zao, na huyu alikuwa daraja la juu. Alikuwa mwalimu wa kemia. Narudia kama yule dada wa panya: wa kemia. Mtu aliyesomea chembe miaka minne. Aliingia amekunja uso, akauliza, "Umetumia kiyeyusho gani?" Sabuni alikitazama tu kichwa cha mwalimu, kilichokuwa kitupu bila unywele, cheupe kama sahani ya wageni, akatikisa chake polepole.

"Mwalimu," alinong'ona, "wewe tutaanza na hapo juu."

Yule msomi akanunua chupa tatu. Aibu iliyoje kwa taifa zima la walimu.

Mambo yalikwenda hivyo, kopo la rangi alimoficha Sabuni mapato, uvunguni mwa kitanda cha shangazi, likazidi kushiba, mpaka siku ya kemo ya tano. Alifika kumchukua shangazi akamkuta yuko kwenye cherehani, kanga ya nyumbani kiunoni, hana habari na safari.

"Shangazi, tunachelewa."

"Unachelewa wewe. Mimi siendi." Akainua kutoka kwenye kikapu cha vitambaa chupa yenye uzi mwekundu. "Nimeipata kwa Tajiri wa Misumari. Haichomi mshipa, haitapishi, haifanyi vidole vife ganzi nikashindwa kutunga sindano. Nimechoka, baba."

Daktari alishasema mbele ya Sabuni: uvimbe umenywea, zikiisha hizi mbili atapasuliwa, utolewe. Akiziacha, uvimbe utarudi kwa hasira.

"Shangazi, hayo ni maji."

"Eti?"

"Maji ya bomba. Nimeyachota mimi. Nimewadanganya watu."

Shangazi alisimamisha cherehani, akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, neno lako la kwanza duniani ulisema 'nimeshiba,' na ulikuwa hujala. Ungeniambia ni dawa, ningeogopa. Ukiniambia ni maji, basi ni dawa."

Sabuni akatoka mbio mpaka dukani kwa Tajiri, akapanda juu ya mifuko ya saruji, akapaza sauti. "Sikilizeni! Ni maji! Mimi ni tapeli!"

"Mmemsikia?" Tajiri akapokea haraka. "Anataka mziache azinunue zote mwenyewe! Leo bei imepanda."

Foleni ikarefuka. Mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa humo akinunua kwa mara ya pili, aliwafafanulia wenzake kwamba mgunduzi yeyote wa kweli lazima apitie kipindi cha kujikana. Watu wakamshukuru kwa elimu.

Sabuni akashuka kwenye saruji. Ukweli alikuwa ameujaribu, na ulikuwa haufanyi kazi. Akarudi kwa shangazi na kifaa alichokizoea.

"Basi, umenishika," alisema, akijifuta jasho. "Ni dawa. Lakini kuna siri. Hizi chembe ni abiria, hazijui njia. Dereva ni dripu. Ukinywa bila dripu zinateremka popote zinapojisikia. Kuna mama mmoja zilimshukia gotini."

"Goti gani?"

"La kukanyagia cherehani."

Shangazi aliliangalia goti lake. "Nitakwenda," akasema mwishowe. "Ila utakaa na mimi chumbani, tangu sindano inaingia mpaka inatoka. Na ndoo utashika wewe."

"Nitashika."

Katika chumba cha kemo kuna utaratibu usiovunjwa. Kabla ya dripu, kila mgonjwa anamwaga mezani kwa nesi kila kitu anachotumia: vidonge, mizizi, majani, maji ya maombi, vyote. Shangazi akaweka chupa. Nesi akaigeuza.

"Mama, hii umekunywa?"

"Ninywe? Haijafunguliwa. Huo uzi ni wangu, nesi. Nambari arobaini, nyekundu ya kola za shule, uliopotea rafuni kwangu kibunda kizima. Nilipouona dukani nilimjua mwizi na nilimjua daktari."

Sabuni aliishusha ndoo. "Ulijua? Sasa kwa nini ulikataa kuja?"

"Kemo nne nimetapika peke yangu na wewe uko kwenye feni."

Sindano ikaingia. Saa nne za kukaa. Saa ya kwanza ilipokatika, shangazi, macho amefumba, alisema taratibu, "Kopo lako la rangi nimemkabidhi fundi viatu. Sasa hivi anawarudishia watu."

"Shangazi! Hawawezi kurudisha, wanaamini ni dawa!"

"Uliandika wakiziona, pesa inarudi. Manjano hutuama, baba. Nimemwambia fundi viatu awaonyeshe chini ya chupa."

Na kweli, wakati ule ule, mtaa mzima ulikuwa umeinua chupa juani na kupiga kelele kwa uchungu, kwa maana kila mmoja aliona vumbi la njano limekaa chini, kubwa, la wazi, la aibu. Chembe zinaonekana! Wametapeliwa! Tajiri wa Misumari ndiye aliyelia zaidi, maana alirudishiwa bei aliyonunulia, na wateja wake wakamsimamia mlangoni wakidai ile aliyowauzia.

Sabuni alitaka kukimbia akaokoe kopo. Akafika hatua moja. "Ndoo," alisema shangazi. Akarudi.

Aliishika siku hiyo, akaishika na ya sita. Shangazi akapasuliwa, akapona kidonda, akarudi kwenye cherehani.

Simulizi lingeishia hapo kwa heshima zote, kama nisingekosea nikamsomea shangazi mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho huku akipinda kola.

"Umeandika vizuri," akasema. "Mambo ya Sabuni amekusimulia mwenyewe, anapenda kujisifu. Lakini aliyonong'onezwa mwalimu wa kemia umeyapata wapi? Sabuni hakumbuki wateja."

"Nilifanya utafiti."

"Na hiyo kofia, mbona hujaivua tangu uingie?"

Nilivua. Shangazi alitazama, akauma uzi asije akacheka.

Naam. Chupa zangu nilikuwa nimeshazipaka zote kichwani, sikuwa na cha kurudisha. Kichwa ni cha njano mpaka masikioni, na darasani wananiita Yai. Nywele za shangazi zimeota, fupi, nyeusi, nzuri. Zangu bado.